Topps 1952: kagua wino kabla ya pembe

Seti hii ya kadi za besiboli, kazi ya Sy Berger na Woody Gelman wa kampuni ya Topps, ina kadi 407, na kwa uchapishaji hakuna seti ya Marekani ya miaka hiyo inayoifikia. Picha za nyeusi na nyeupe zilipakwa rangi kwa mkono kabla ya kuchapwa kwa ofseti, ndiyo maana nyuso zina uzito wa mchoro.

Jackie Robinson ni namba 312. Mwaka 1947 alivunja mwiko uliowazuia weusi kucheza ligi kuu. Miaka 5 baadaye sura yake inauzwa pamoja na chingamu, ukubwa uleule na fremu ileile aliyopewa nyota mzungu Mickey Mantle, namba 311. Kadi moja ya Mantle iliuzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, ilhali kadi yake na ya Robinson zilichapwa maradufu. Kadi za wachezaji wengi wasio maarufu katika kundi hilo la mwisho, namba 311–407, ni adimu kuliko zao. Watu hulipia alama anayoiwakilisha mchezaji, na kwa Robinson alama hiyo inastahili.

Ukiuziwa, anza na rula. Halisi ni milimita 67 kwa 95. Toleo jipya la 1983 ni 64 kwa 89. Kiwanda hakikukata sawasawa kila mara, kwa hiyo upungufu mdogo peke yake si ushahidi. Linganisha kingo: ule mmoja uliochongoka na kung'aa kuliko nyingine umekatwa ili kuficha uchakavu. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Uso wa mchezaji uwe na nukta, lakini sahihi yake iliyochapwa na mistari myeusi iwe wino mzito usiokatika. Sahihi ikiwa nukta tupu, hiyo ni nakala iliyopigwa picha.

Kasoro kubwa ni pambizo zilizoegemea upande na rangi zilizopishana, hata midomo ikaota kivuli chekundu. Kadi namba 1, ya Andy Pafko, iliumizwa na rababendi ya kufungia kadi, kwani ndiyo iliyokaa juu ya bunda.

Kwa anayependa uchapishaji, tafuta kadi ya mchezaji wa kawaida kati ya namba 81 na 250. Mkunjo mmoja hushusha daraja la ubora wa kadi na bei sana. Ukubali, mradi rangi zimekaa mahali pake. Usiisukume katika mfuko wa kadi za kisasa, ni mdogo na utakunja pembe. Nunua wa kipimo chake, na usiitundike juani: nyekundu na manjano hupauka upesi.