Seramu ya nywele yenye vichocheo vya ukuaji: nimeambiwa nitikise

Nawapa nyota mbili, na moja ni ya kichupa, maana ni kizuri kweli. Nilikuwa nimepanga kutoa tatu. Soma uone ya tatu ilikoishia.

Nywele zangu za pembeni zimenyonyoka kwa kusukwa kwa kuvutwa miaka nenda rudi. Tangazo liliahidi vichocheo vya ukuaji vilivyotengenezwa maabara, na safari hii hayakuwa maneno matupu: kwenye lebo imo sh-Oligopeptide-1, ambayo ndiyo EGF, yaani kichocheo cha ukuaji wa seli za ngozi. Ni protini inayofanana na ile ambayo mwili hujitengenezea, ila hii huzalishwa na bakteria waliopandikizwa jeni yake. Wengine hutumia mmea wa shayiri. Wala si kitu cha kubuniwa juzi. Stanley Cohen, aliyeigundua, alipata Nobel mwaka 1986 pamoja na Rita Levi-Montalcini. Kwa hiyo nililipa kwa moyo mweupe.

Sasa tuje kwenye kilichoniudhi. Kikaratasi ndani ya boksi kinasema: hifadhi kwenye friji, usianike juani, usitikise. Sawa, ndivyo ilivyo. Protini hufanya kazi kwa jinsi ilivyojikunja, ukiipasha joto au ukiisukasuka sana inajikunjua na kugandana, basi imekwisha. Lakini kifurushi chenyewe kilikuja ndani ya plastiki ya viputo, bila barafu, na kichupa ukikishika kina vuguvugu. Nikakitia kwenye friji nikasema haya, tuone. Haikupita muda, nikakiinua kwenye mwanga: maji yaliyokuwa maangavu yameingia ukungu, na vinyuzi vyeupe vinaelea, vingine vimejibandika kwenye ncha ya bomba la kudondoshea. Si mapovu, vinyuzi!

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote, na picha juu. Jibu: "Mpendwa mteja, hiyo ni kawaida. Tikisa vizuri kabla ya kutumia."

Nitikise? Nikapiga picha kikaratasi chao wenyewe, pale palipoandikwa usitikise, nikawatumia. Kimya. Nikauliza tena. Ndipo akaja mwingine, au yule yule amebadilisha sauti: "Dada, kama umesoma sana si utengeneze ya kwako? Na hii ni kipodozi, si dawa, hatukukuahidi nywele."

Nimeisoma hiyo sentensi mpaka nimeikariri. Hamkuniahidi nywele! Tangazo lina kichwa cha mtu chenye upara upande mmoja na msitu wa nywele upande wa pili. Hicho ni nini, utabiri wa hali ya hewa? Wakati wa kuuza ni sayansi ya Nobel, wakati wa kulalamikiwa ni kipodozi tu.

Na kwa kuwa ameniambia nimesoma sana, basi ngoja nisome kweli. EGF ina asidi amino (vijenzi vya protini) 53, uzito wake kama daltoni 6,000, daltoni ikiwa ni kipimo cha uzito wa molekuli. Kwa kawaida ngozi isiyo na jeraha huruhusu kupenya vitu visivyozidi daltoni 500 hivi. Hapo hata kikifika kizima, sehemu kubwa itabaki juu juu. Halafu kuna hili la kondoo, ambalo lilinifanya nicheke peke yangu: Australia walitengeneza sindano ya EGF ili kondoo apukutishe sufu yote bila kunyolewa. Najua, sindano si seramu na kondoo si mimi, wala sisemi kwamba itanipukutisha. Ila nilipowauliza kwa nini wameichagua hiyo kwa ajili ya nywele, hawakujibu hata nusu neno. Minoksidili, ile dawa ya kuotesha nywele, angalau imejaribiwa kwa watu wenye upara na inajulikana inafanya nini na haifanyi nini.

Haki ya mtu mpe. Kabla ya ukungu nilikuwa najipaka iliyobaki vidoleni usoni, na ngozi ililainika, hata dada yangu akaniuliza napaka nini siku hizi. Lakini mumo humo mna gliserini na asidi ya hyaluroniki, na hizo hulainisha bila msaada wa mtu. Pembeni mwa kichwa? Naona vinywele vichanga, au ni macho yangu yanayotaka kuona. Tena nimeacha kusuka kwa kuvuta, kwa hiyo hata vikiwa vya kweli sijui nimshukuru nani.

Labda kichupa changu tu ndicho kilichoharibikia njiani. Kingefika na baridi yake, huenda ningekuwa naandika mengine hapa, na kusema kweli kama wangenibadilishia ningenyamaza na nyota zangu tatu. Hawajanibadilishia. Jana nimewaandikia tena, jibu limekuja la mashine: tunathamini maoni yako.

Basi, na ya pili naichukua. Nyota moja. Ile ya kichupa.