Panki ya Uingereza na Marekani: ununue santuri ipi kwanza?

Kama unatafuta panki (roki ya kasi na hasira) ya Uingereza inayoizungumzia Marekani, na hela yako inatosha santuri moja tu, chukua The Clash, albamu ya kwanza ya bendi ya jina hilohilo, toleo la Uingereza la 1977. Humo kuna "I'm So Bored with the U.S.A.", wimbo unaowasuta wapelelezi wa Kimarekani waliojaa kwenye runinga, askari aliyerudi na uteja kutoka Kambodia, na dola zinazowalea madikteta. Hasira hiyo yote ilitolewa na CBS, kampuni ya Wamarekani haohao! Tawi lake la Marekani halikuitaka, mashabiki wa huko wakawa wanaagiza nakala kutoka ng'ambo hadi 1979.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hunaswa. Toleo la Marekani la 1979 lilipunguzwa nyimbo na kuongezwa nyingine, kwa hiyo soma orodha nyuma ya jalada kabla ya kulipa. Ukikuta "Deny" na "Cheat", ni la Uingereza. Ukikuta "I Fought the Law", ambao wenyewe ni wimbo wa Kimarekani, umeshika lile jingine. Si baya, lina "(White Man) In Hammersmith Palais", lakini si albamu ile iliyowashtua vijana wa London. Huhitaji nakala ya zamani ya bei mbaya. Iliyochapishwa upya inatosha, mradi orodha ni ileile.

Ya pili ni London Calling ya The Clash haohao, Desemba 1979, santuri mbili kwa bei ya moja. Waliodai kuchoshwa na Marekani sasa wanamwiga Elvis Presley hadi herufi za jalada, na picha ya mpiga besi wao Paul Simonon akivunja gitaa lake la besi ilipigwa New York. Mapenzi na kejeli vimekaa chumba kimoja. Sikiliza "Koka Kola". Ukinunua ya mtumba, kagua santuri zote mbili kwenye mwanga, maana mara nyingi moja ni safi na mwenzake amechakaa. Wimbo "Train in Vain" umo, ila haukuandikwa kwenye jalada la nakala za mwanzo, basi usigombane na muuzaji.

Sandinista! (1980), nayo ya The Clash, ni santuri tatu, nyimbo 36, na kwa kweli nusu ingetosha. "Washington Bullets" unaishtaki Marekani kwa kuingilia Chile na Cuba, kisha hauwaachi Warusi wala Wachina. Ya wakusanyaji.

Never Mind the Bollocks ya Sex Pistols, bendi nyingine ya Uingereza (1977), naiweka mwisho kwa sababu ya mada tu: kuhusu Marekani ina wimbo "New York", kijembe kwa bendi ya Kimarekani New York Dolls, basi.

Chenji ikibaki, ongeza Ramones ya 1976, albamu ya bendi ya jina hilohilo. Hao ni Wamarekani, lakini walipiga kwenye ukumbi wa Roundhouse, London, tarehe 4 Julai mwaka huohuo, na kasi ya panki ya Uingereza iliazimwa kwao.