Hatimaye, filamu iliyokumbuka ndoo

Nimeitazama Nomadland mara mbili wiki hii, mara ya pili nikiwa na dadangu hapa Section 58, Nakuru, na naipa nyota nne kati ya tano.

Mwaka 2019 nilikuwa makanga wa Nakuru–Njoro. Kodi iliponishinda, mwenye gari aliniruhusu nilale ndani ya matatu mradi niilinde. Nililala humo miezi saba. Ndiyo maana kila filamu ya watu wanaoishi garini naiuliza maswali matatu: wanajisaidia wapi, nani anawagongea usiku, na gari likiharibika wanalala wapi?

Nyingi hazijibu hata moja. Utaona shuka nyeupe, mlango umefunguliwa kuelekea baharini, kahawa inatoa mvuke. Huoni vioo vikitiririka maji ya pumzi yako mwenyewe alfajiri, wala blanketi lililolowa upande wa mlango. Julai ya Nakuru ilinifunza hayo.

Nomadland, ya mwongozaji Chloé Zhao, iliyoshinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021, inajibu yote. Fern, anayeigizwa na Frances McDormand, ni mjane kutoka Empire, Nevada, mji uliobaki mahame baada ya kiwanda cha jasi kufungwa. Ana ndoo. Tumbo linapomsokota usiku anaikalia ndoo hiyo humo humo garini, nasi tunamwona. Halafu kuna yule mtu anayegonga na kumwambia haruhusiwi kulala pale. Fern anashtuka, nami nilishtuka naye. Sisi tuligongewa na askari wa kanjo, na walevi pia. Baada ya majuma mawili nilikuwa nalala na viatu.

Lakini lililonishika zaidi ni la gereji. Fundi anataka dola 2,300, na anamshauri Fern asizitie kwenye gari kuukuu namna ile. Fern anamjibu kwamba anaishi humo. Basi anakwenda kumkopa dadake. Hapo dadangu alinishika mkono. Giaboksi ya matatu yetu ilipovunjika, gari lilikaa gereji siku nne, na ni yeye niliyempigia saa tano usiku nikiwa na mfuko wangu wa nguo begani.

Nyota ya tano imepotelea kazini. Fern anafanya kazi kwenye ghala la Amazon, wale wauzaji wa mtandaoni, lakini filamu inalipita haraka mno, watu wanakula chakula cha mchana na kucheka. Kitabu cha Jessica Bruder cha 2017, ambako filamu ilitoka, hakipiti haraka. Wazee wanatembea maili nyingi kwa zamu moja, na ukutani kuna dawa za maumivu za bure. Mgongo wangu, uliobebwa na mlango wa matatu miaka minne, ulizielewa kurasa hizo bila kufafanuliwa. Fern hayumo kitabuni. Mhusika mkuu ni Linda May, mwanamke halisi, ambaye kwenye filamu amejiigiza mwenyewe.

Tazama filamu kwanza, kisha usome kitabu. Changu anacho dadangu sasa. Amefika pale Linda anapotafuta kipande cha ardhi ajenge nyumba yake, na amenikataza kumwambia kama alikipata.