Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita nazikubali, saa hapana

Huku Lubumbashi mtu anayefuata bidhaa China huuliza bei ya tiketi, halafu kilo za mzigo. Umbali hauulizwi. Nyumbani kwetu kazi ya kutafuta safari huniangukia mimi, na ndiyo iliyonizoesha kutumia kikokotoo cha bure cha mtandaoni: unaandika FBM, yaani herufi za Luano, uwanja wetu wa ndege, kisha CAN, uwanja wa Guangzhou, nacho kinakupa kilomita na muda wa kuruka.

Jibu ni kama kilomita 10,100, robo nzima ya mzunguko wa dunia! Hapo sina ugomvi nacho. Kinapima njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, ndiyo maana mstari wake unaonekana umepinda ukiutazama kwenye ramani bapa.

Faida yake niliiona pale mama mdogo, anayeuza viatu soko la Kenya hapa hapa Lubumbashi, alipopewa na ajensi njia mbili: Addis Ababa au Johannesburg. Nilipima kipande kwa kipande. Lubumbashi hadi Addis ni kama kilomita 2,600, Addis hadi Guangzhou 8,040. Jumla 10,640, kwa hiyo kuzunguka kwenyewe ni kilomita mia tano na kitu tu. Johannesburg unashuka kwanza kusini kilomita 1,620, halafu unaanza nyingine 10,670, yaani unaongeza zaidi ya 2,000 juu ya njia iliyonyooka. Nikamwonyesha. Akacheka: “Kama inanipunguzia pesa, mwanangu, hata kusini nitaenda.” Tulipohesabu na chakula cha kungojea njiani, akachagua Addis.

Sasa hizo saa. Kikokotoo kinaandika kama saa 12 na nusu, kana kwamba kuna ndege inayotoka Luano moja kwa moja hadi Guangzhou. Haipo. Kinachofanya ni kugawanya kilomita kwa mwendo wa kawaida wa ndege kubwa, kati ya 800 na 900 kwa saa, na kuongeza kidogo kwa ajili ya kupaa na kutua. Ukweli ni saa tatu na nusu hivi mpaka Addis, karibu kumi mpaka Guangzhou, na katikati eskale, yaani kusimama njiani kungojea ndege nyingine, ambayo ndiyo inayochosha mgongo. Wala hakijui upepo: kule juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kurudi Afrika kunachukua muda mrefu kuliko kwenda.

Kingine kinachowachanganya wengi ni saa za kwenye tiketi, maana kila mji umeandikiwa saa yake. Tuseme unaondoka Luano 14:00 na kufika Guangzhou kesho yake 15:00. Ukihesabu kwa vidole unapata 25, lakini Guangzhou iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo safari ni saa 19. Kinshasa ni kinyume chake: iko nyuma yetu kwa saa moja, na ndiyo maana ukiruka hizo kilomita 1,560 hivi unafika kana kwamba ulisafiri saa moja na kidogo.

Nakipa nyota nne kwa kilomita, mbili kwa muda. Wakiweka nafasi ya kuandika mji wa eskale na saa za kungojea, nitaongeza.