Nani alipie taka za kielektroniki: mnunuzi au mtengenezaji?

Sheria ya California ya mwaka 2003 humtoza mnunuzi ada anaponunua kifaa chenye skrini, na fedha hizo hutumika kuwalipa wanaokusanya na kuchakata vifaa chakavu. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2012 humbebesha mtengenezaji mzigo huo, na tangu 2019 linazitaka nchi wanachama zikusanye asilimia 65 ya uzito wa wastani wa vifaa vilivyoingizwa sokoni katika miaka 3 iliyotangulia, au asilimia 85 ya taka zinazozalishwa. Njia ya kwanza ni rahisi kusimamia, lakini haimgusi anayebuni kifaa kisichofunguka, ambacho ni vigumu kukichakata. Ya pili naiona bora, ingawa watengenezaji wanapochangia mfuko mmoja kwa kadiri ya uzito tu, msukumo wa kubuni vizuri hufifia, kwa kuwa aliyebuni vizuri hulipa sawa na aliyebuni vibaya.