Fildi yangu ya maji Ruaha: wiki nane na machungwa sita

Kila nikitaja kwamba nilifanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo ya chuo, Hifadhi ya Taifa Ruaha, swali la kwanza ni simba. Simba niliwaona mara mbili, kwa mbali, nikiwa nimebanwa kiti cha katikati. Sasa tuongee maji, maana ndiyo yaliyonipeleka.

Nilipokewa na mradi mmoja unaofuatilia mtiririko wa mto Ruaha Mkuu. Jina lao naliweka mfukoni kwa sababu nina malalamiko. Nilianza mwanzoni mwa Agosti, nikamaliza Septemba inaisha, na kama na wewe unafikiria kuomba, omba miezi hiyo hiyo. Ukienda masika utakuta mto umejaa na hutaelewa kelele yote hii ni ya nini. Huu ni mto ambao zamani haukukatika mwaka mzima. Tangu 1993 kiangazi kikikaza unakatika, tena ndani kabisa ya hifadhi. Nilipofika bado maji yalikuwa yanatembea. Mwezi mmoja baadaye yamebaki madimbwi, viboko wamebanana humo kama abiria wa daladala ya jioni, na harufu unaipata kabla hujaona kitu. Tembo wao wanajua la kufanya: wanachimba mchanga mkavu kwa mguu na mkonga, wanasubiri maji yajichuje, wanakunywa taratibu. Wakiondoka, nyani na ngiri wanakuja kurithi kisima.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Asubuhi unasoma ubao wa kupimia kina uliosimikwa mtoni, unaandika sentimita, saa na jina lako. Kusoma ni sekunde kumi, kumsubiri afande wa hifadhi aridhike kwamba hakuna mamba ni nusu saa. Mara moja kwa wiki tunapima mtiririko: kamba inavutwa ng'ambo hadi ng'ambo, mto unagawanywa vipande, kila kipande unapima kina, halafu unashusha propela kwenye asilimia 60 ya kina hicho kutoka juu na kuhesabu mizunguko, ndiyo inayokupa mwendo wa maji. Mwendo wa maji mara eneo, unajumlisha vipande vyote. Darasani hesabu hii niliifanya mara nyingi bila kujiuliza nani alisimama kwenye maji hadi magotini ili namba zipatikane. Nikajua ni nani.

Wiki ya tatu propela ikagoma. Tukaambiwa inapelekwa Dar kutengenezwa. Mpaka naondoka haijarudi, na nadhani ilikuwa inajulikana kwamba haitarudi. Msimamizi wangu, mama mmoja mtulivu sana, akatuma mtu kijijini Tungamalenga alete machungwa. Nilidhani ni ya kula.

Wiki ya tano ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tulitoka hifadhini tukazunguka hadi Mbarali, bonde la Usangu, upande mto unakotokea, kwenye majaruba ya mpunga. Hapa lazima nieleze kidogo. Maji ya mito ya Usangu yanaingia kwanza kwenye ardhioevu ya Ihefu, ambayo ni kama bakuli, na ukingo wa bakuli ni mwamba wa Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba, yanamwagika kuelekea hifadhini, na mbele huko bwawa la Mtera na mitambo ya umeme ya Kidatu. Yakishuka chini ya mwamba, hata kwa kimo cha kiganja, hakuna kinachotoka. Kwa hiyo eneo lote la Usangu lililoingizwa hifadhini mwaka 2008 haliwezi peke yake kuurudisha mto, kama mabanio ya juu, yale malango ya kugeuzia maji ya mto kwenda mashambani, yanachota kiangazi chote.

Kwenye banio moja tulimkuta mzee wa jumuiya ya watumia maji amekaa juu ya tofali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Mmekuja kutufungia?"

Nikamwambia tumekuja kupima tu. Tukapima mita kumi kando ya mfereji, nikaachia chungwa lielee badala ya propela. Upana mita mbili, kina nusu mita, chungwa likatumia sekunde 20. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo unazidisha kwa 0.85. Machungwa sita, jibu lile lile kwa karibu: lita 425 kwa sekunde. Mzee akataka nimwambie kwa madumu. Nikapiga hesabu kwenye simu: madumu 76,500 ya lita 20 kila saa. Akanyamaza, akauliza, "Na tembo nao wana kibali cha maji?"

Msimamizi akamjibu kwamba Sera ya Maji ya mwaka 2002 inaanza na mahitaji ya nyumbani ya watu, kisha mazingira, ndipo kilimo na mengine. Mzee akasema basi hiyo sera ije ikae hapa kwenye banio mwezi wa kumi, mpunga ukiwa kitaluni. Sikuwa na jibu. Lakini jioni ile alifunga lango nusu, mbele yetu. Kama alilifungua tulipoondoka, sijui.

Kwa mtu anayependa namba na anayeweza kukaa na wakulima bila kuwahubiria, nenda. Nilijifunza pale kuliko muhula mzima. Ukitafuta picha za kuweka mtandaoni, lipa kiingilio kama mtalii, utafaidi zaidi. Nguo za bluu na nyeusi acha nyumbani, mbung'o wa Ruaha wanazipenda mno. Mimi nilikwenda na jinzi mbili za bluu, nikaishia kuazima suruali ya afande. Mtandao ni wa kuvizia, ripoti andika kila siku usije ukalia wiki ya mwisho.

Na kabla hujasaini barua, uliza kwa maandishi nani analipa nauli za kwenda Mbarali. Mimi niliambiwa nitangulize, nitarudishiwa. Risiti bado ninazo, zimeanza kufutika wino.