Orodha ya bei ya saluni: nimeitengeneza mwenyewe kwa Canva, nikaichapisha Mlandege

Wenzangu wenye saluni za mtaani, kama bado mnamlipa mtu kila mnapotaka kubadilisha bei moja, haya yanawahusu. Mimi nina saluni ya kike Jang'ombe, Zanzibar, viti viwili na chumba kidogo cha singo, yaani kusugua mwili kwa manukato, nyuma ya pazia. Orodha ya bei iliyopo ukutani sasa nimeitengeneza kwa simu yangu, kwa Canva ya bure, kisha nikaichapisha kwenye steshenari moja ya Mlandege. Nimeridhika nayo sana.

Mwanzo nilikuwa na bango la plastiki nililotengenezewa na fundi wa mabango. Lilikuwa zuri kwa macho, lakini rasta zilipopanda bei ndipo taabu ilipoanza. Faili alikuwa nalo yeye, na hata nikitaka tarakimu moja tu ibadilike, ananitoza bango zima upya. Bei ya ukutani ikawa moja, ya mdomoni nyingine. Mteja akisoma hili akaambiwa lile, anaondoka na dukuduku hata kama amelipa na kushukuru. Ndiyo maana nilitaka faili liwe mkononi mwangu.

Canva ni programu iliyoanzia Australia mwaka 2013, unaitumia kwenye simu au kompyuta. Unafungua akaunti, unachagua kiolezo cha orodha ya bei, unafuta maneno yao unaandika yako. Kwa kazi hii toleo la bure linatosha kabisa. Vitu vyenye alama ya taji ni vya kulipia, viache, kwani usipolipia vinatoka na chapa juu yake. Kubadilisha ukubwa wa karatasi kwa kubonyeza mara moja nako ni kwa wanaolipia, lakini hutakuhitaji ukianza na A4. Karatasi za A3, A4 na A5 zina umbo moja. A3 ni sawa na A4 mbili zikiunganishwa. Faili lile lile linatoka kubwa la ukutani na dogo la mkononi bila kuvutika wala kukatwa ubavuni.

Kilichonikera ni violezo vyenyewe. Vya saluni karibu vyote vina wanawake wa Kizungu waliomwaga nywele mabegani. Wateja wangu hawavui baibui mpaka pazia lishushwe. Siwezi kutundika picha ya namna hiyo mlangoni kwao. Nimezifuta zote. Nilichora ua la hina kwa mkono wangu kwenye karatasi nyeupe, nikalipiga picha mchana karibu na dirisha, nikaliweka juu ya orodha na vishada vya asumini pembeni. Sasa anayeingia anaona kazi ya saluni hii hii kabla hata hajasoma bei. Na zimeni ile hali ya simu ya kusahihisha maneno kabla hamjaanza kuandika, maana yangu ilikuwa ikigeuza "singo" kuwa "single" na "hina" kuwa "China".

Kazi kubwa, lakini, iko kwenye maneno. Ukiandika "Kusuka 20,000" umekaribisha ugomvi. Rasta ni za nani? Zinaishia mabegani au kiunoni? Mteja anakuja kichwa kimefumuliwa, au tunaanza sisi kufumua? Mimi nimetenganisha rasta za mteja na rasta za saluni, nikaweka urefu wa mabegani na urefu wa kiunoni, na kufumua kuna mstari wake. Hina nimeiandika kwa kufuata mwili: kiganja, hadi kifundo, hadi kiwiko, miguu. Neno "kuanzia" liko pahala pamoja tu, kwa bibi harusi, kwa sababu huyo lazima tukae na watu wake tuzungumze. Kwingine kote mteja anajua atatoa kiasi gani kabla hajakaa kitini, na wanawake wengi wanaona haya kuuliza bei mbele ya wenzao.

Chini ya piko, yaani michoro myeusi ya mwilini, nimeandika kwa herufi nzito: HATUPAKI RANGI YA NYWELE KWENYE NGOZI. Rangi hizo nyeusi huwa na kemikali inayoitwa PPD, na zipo ngozi zinazotoka malengelenge na kubaki na kovu. Nimeshaona mikono ya mabibi harusi iliyoharibiwa hivyo, na roho inaniuma. Wapo wanaobisha kwamba hina ya majani inachelewa kuiva. Ni kweli, rangi yake hukolea baada ya siku moja au mbili, basi na hilo nimeliandika, ili anayetaka kupendeza Ijumaa aje Jumatano.

Bei zote ni za shilingi. Huku kwetu wako waliozoea kuwatajia wageni dola, lakini kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Nakala ya Kiingereza, ya A5, ina bei zile zile za ukutani. Jirani na mgeni wanalipa sawa, na naona ndivyo inavyopasa.

Kabla ya kuchapisha kwa rangi nilitoa nakala moja nyeusi ya majaribio, nikaibandika ukutani na kumkalisha kitini bibi mmoja wa mtaani ambaye huja kwangu kila Idi.

"Shikamoo bibi. Unaisoma hiyo?"

"Marahaba mwanangu. Mapambo nayaona. Bei ndiyo siioni."

Alisema kweli. Herufi za kujipinda nikazibakisha kwenye jina la saluni peke yake, kwingine nikaweka herufi za kawaida, kubwa, nyeusi juu ya rangi ya maziwa, bei zote zimepangwa kulia kwenye mstari mmoja. Orodha ikapungua urembo, lakini bibi aliisoma yote bila miwani.

Sasa uchapishaji. Msitoe pesa kabla ya kuuliza printa ni ya aina gani. Steshenari moja ya karibu nami ilinichapia kwa printa ya wino wa maji. Kwa mvuke wa stimu na unyevu wa masika, rangi ya waridi yote ikachuruzika hadi kwenye bei. Kule Mlandege wana printa ya leza, ambayo hutumia unga unaoyeyushwa kwa joto ukashika kwenye karatasi, na maji hayauondoi. Kijana wa pale ni mwelewa. Nilipotaka kumtumia kazi kwa WhatsApp aliniwahi: "Dada, nitumie PDF kama dokumenti, usinitumie picha." WhatsApp hubana picha, na herufi ndogo zinatoka na ukungu. Printa zao pia hazichapi mpaka ukingoni mwa karatasi, kwa hiyo acheni nafasi ya sentimita moja kila upande. Rangi nayo haitoki kama inavyong'aa kwenye kioo cha simu. Waridi yangu ilitoka imepooza kidogo, nami sikuichukia.

Nililipa 2,500 kwa A3 ya rangi na 4,000 kwa laminesheni yake. Mwambieni abakishe ukingo wa plastiki mtupu kuizunguka karatasi, kama nusu sentimita. Ikikatwa sawasawa na karatasi, maji yanapenya ubavuni na ndani ya muda mfupi mnaona madoa ya kahawia. Plastiki yao ni ya kung'aa, isiyong'aa hawana, basi msiitundike kukabili mlango. Mwanga unaifuta yote mteja akiwa amekaa.

Canva naipa nyota nne, moja nimeizuia kwa ajili ya violezo visivyotujua. Steshenari naipa tano.

Jambo moja la kupanga mapema: karatasi ikishatiwa laminesheni haifunguliwi, bei ikibadilika ni kuchapisha upya. Bei za hina, singo na kutinda nyusi kwangu hukaa muda mrefu, za rasta hupanda na kushuka pamoja na madukani Darajani. Kwa hiyo rasta nimezitoa kwenye orodha kubwa nikaziweka kwenye A5 yake, inayoning'inia chini kwa kamba. Zikipanda, nabadilisha faili kwenye simu, natuma, na nachukua kipande kipya kwa 1,500 pamoja na plastiki yake.